Kifaa cha 45,000 kilichonionyesha ugonjwa wa Premio yangu

Naendesha teksi Kampala, Premio ya 2008, kwa hiyo taa ya injini ikiwaka ni siku za kazi zinazopotea. Mwezi wa tatu iliwaka nikiwa Lukaya, narudi kutoka Masaka na abiria wanne. Gari lilitetemeka kila niliposimama, likishika mwendo linatulia.

Gereji niliyoenda kwanza walilipima kwa mashine kwa shilingi 50,000, wakapata msimbo wa hitilafu, P0171. Fundi akaniambia, "Ssebo (bwana), sensa ya oksijeni imekufa," yaani ile inayopima oksijeni kwenye moshi. Nikanunua ya mtumba kwa 180,000, taa wakaizima. Siku ya pili, kabla sijafika Entebbe, ikawaka tena. Iliniuma, kwa sababu ile ilikuwa hela ya karo ya mtoto.

Ndipo nikanunua ELM327, kidude cha kusoma misimbo ya gari, cha ukubwa wa kiberiti, kwa 45,000. Unakichomeka kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, unafungua swichi, unakiunganisha na simu kwa Bluetooth. Mimi natumia programu ya Torque kwenye Android. Mwenye iPhone atafute cha Wi-Fi, maana hivi vya Bluetooth ya kawaida havikubali.

Msimbo ulikuwa uleule. Lakini P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema hewa ni nyingi mno kwa petroli iliyopo, na sensa ndiyo iliyotoa taarifa hiyo. Hewa ya ziada yaweza kuingilia kwenye bomba la mpira lililopasuka, au sensa ya kupimia hewa imeshika uchafu, au pampu ya petroli imechoka. Kubadilisha kitu kwa kusoma msimbo peke yake ni kubahatisha.

Kilichonisaidia ni ukurasa wa vipimo vya papo hapo. Kuna asilimia inayoonyesha kompyuta ya gari inaongeza petroli kiasi gani ili kufidia. Gari likiwa silensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, ilisoma +24. Nikakanyaga mafuta mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi +5. Ingekuwa pampu imechoka, namba ingepanda kadiri ninavyokanyaga. Ikishuka hivyo, hewa inavujia ndani baada ya koo la injini (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta): tundu dogo linaonekana kubwa injini inapovuta hewa kidogo.

Nilimpelekea fundi mwingine, kijana mtulivu wa Ndeeba, nikamwonyesha simu. Hakubisha. Alipulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kandokando ya mipira, injini ikiwa bado ya baridi (ikiwa ya moto msijaribu, dawa hiyo inashika moto). Alipofika kwenye mpira wa kupumulia injini, mlio ukabadilika palepale. Akauchomoa, akaukunja: upande wa chini, usioonekana ukifungua boneti, ulikuwa umekauka na kupasuka urefu wa ukucha. Mpira mwingine niliupata Kisekka kwa 15,000. Baada ya siku mbili za kazi ile namba ilikuwa +3, na taa haijawaka mpaka leo, mwezi wa nane sasa.

Kidude hiki kina mipaka yake. Misimbo ya breki za ABS na ya mifuko ya hewa hakisomi kwangu. Kwenye Noah ya 2001 ya jirani kiligoma kabisa. Sheria ya mfumo huu wa soketi na misimbo ilianza Marekani kwa magari ya 1996, lakini magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayakuufuata, na hayo ndiyo yamejaa kwetu. Jaribuni kwenye gari lenu kabla ya kulipa.

Na tafadhali, msifute msimbo kabla ya kupiga picha ya skrini. Ukifuta, yale mahesabu ambayo kompyuta iliyahifadhi wakati hitilafu inatokea, mwendo, joto, mizunguko, yote yanaondoka, na fundi anaanza gizani.

Mimi hukichomoa kila jioni nikiegesha, kwa sababu kikibaki hapo kinaendelea kula betri.