Mikesha ya vimondo na nyota mkia: uzoefu wangu kwa anayefikiria kwenda

Nahudhuria mikesha ya wazi ya kutazama anga kila ninapoipata, na kinachoniuma ni kuona watu wakikunja mikeka yao mapema na kuondoka wakiamini kwamba anga limewanyima. Mara nyingi anga halina kosa. Wameitwa kutazama vimondo, kisha wakapangwa foleni kwenye darubini. Au wameitwa kutazama nyota mkia, wakaambiwa wafike saa nne usiku, na nyota mkia yenyewe imeshatua zamani kulifuata jua. Maoni yangu nayatoa mapema kwa asiye na muda wa kusoma yote: mkesha wa vimondo unastahili usingizi utakaoukosa, na jioni ya nyota mkia inastahili safari, lakini hizi ni shughuli mbili tofauti. Mwandaaji asiyezitofautisha atakuharibia zote mbili.

Nianze na vimondo. Kinachowaka kule juu kwa kawaida ni chembe isiyozidi punje ya mchanga, vumbi lililomwagwa na nyota mkia kwenye njia yake. Dunia inapokatiza njia hiyo, karibu tarehe zilezile kila mwaka, chembe hizo huingia kwenye angahewa na kung'aa zikiwa kilomita 80 hadi 120 hivi juu ya vichwa vyetu. Kila mvua ya vimondo ina mwendo wake, na jicho huuona. Leonidi, vimondo vya katikati ya Novemba, huingia kwa kilomita 71 kwa sekunde. Ukisikia mtu amepiga kelele, ujue kimeshapita, ingawa vile vikubwa huacha mstari hafifu unaoning'inia kidogo kabla ya kufutika. Perseidi vya Agosti huja kwa kilomita 59 kwa sekunde. Geminidi vya Desemba ni 35 tu, na ndivyo nivipendavyo kuliko vyote, kwa sababu jicho hupata nafasi ya kukifuata kimondo kutoka kinapowaka hadi kinapozimika.

Sasa fikiria darubini. Darubini kubwa huonyesha kipande cha anga ambacho ukikilinganisha na anga zima si kitu. Kimondo hutokea popote kinapotaka, na vingi havimalizi sekunde moja. Nimewahi kukaa kwenye mkesha ambapo darubini nzuri sana zilisimamishwa katikati ya uwanja na watu wakaongozwa kwenye foleni kuitazama Mshtarii. Sina neno na Mshtarii, ni sayari inayopendeza. Lakini usiku ule ulikuwa kilele cha Perseidi, na foleni ile ndefu ilisimama ikiangalia visogo vya walio mbele. Kila kimondo kikubwa kilipopita, sisi tuliolala chini tuliitikia kwa sauti moja, na wale wa foleni wakageuka kuuliza, "Wapi? Wapi?" Mama mmoja aliyekuja na watoto wake aliondoka bila kuona hata kimoja. Huo kwangu si mkesha wa vimondo, hata kama tangazo lilisema hivyo.

Mkesha ulionifundisha namna inavyopasa kuwa haukuwa na darubini hata moja. Mwenyeji wetu alitutaka tulale chali, miguu ikielekea upande wenye giza zaidi, tuache macho yatembee yenyewe. Akatuonyesha kitovu, yaani mahali angani ambapo vimondo vyote vinaonekana kuanzia, kisha akatukataza kukikodolea macho. Vimondo husafiri sambamba, alieleza, na vinaonekana kutoka sehemu moja kwa sababu ileile inayofanya reli mbili zionekane zimekutana kule mbali. Vilivyo karibu na kitovu vinatujia usoni, kwa hiyo vinaonekana vifupi. Vilivyo mbali nacho kidogo ndivyo vinavyochora mistari mirefu. Maelezo hayo hayakuchukua muda, na baada yake uwanja mzima ulitazama tofauti.

Tena alituambia ukweli kuhusu idadi, jambo ambalo matangazo mengi hulikwepa. Tangazo likisema Perseidi hufikia vimondo 100 kwa saa, hiyo ni hesabu ya anga kamilifu: kitovu kiwe utosini, mawingu yasiwepo, na giza liwe la kumwezesha mtu kuona nyota hafifu kabisa. Kitovu kikiwa chini karibu na upeo wa macho, sehemu kubwa ya vimondo hivyo huishia upande wa dunia usiouona. Taa za mji hupunguza vilivyobaki, mbalamwezi nayo hupunguza tena. Pia haviji kwa mpangilio. Utakaa dakika kumi kimya kabisa, halafu vitatu vifuatane. Aliyeambiwa hayo mwanzoni huvumilia. Aliyeahidiwa mia moja huanza kutazama saa.

Kuhusu saa zenyewe, waandaaji wengi hupanga kuanzia saa mbili hadi saa tano usiku kwa sababu ndio muda unaowafaa watu. Vimondo havijali. Baada ya saa sita usiku, upande wetu wa dunia huwa umegeuka kutazama mbele, kule inakoelekea dunia katika safari yake ya kulizunguka jua, na chembe tunazikuta uso kwa uso. Ndiyo maana saa tisa, saa kumi alfajiri huwa bora kuliko saa tatu usiku. Mkesha unaofungwa saa tano, kwa mvua nyingi za vimondo, umefungwa kabla haujaanza. Geminidi ndiyo nafuu kwa wenye watoto. Kitovu chake, kilicho kwenye kundi la nyota liitwalo Mapacha, hupanda mapema jioni kwa walio kaskazini na hata karibu na ikweta, na ifikapo saa nne au saa tano usiku tayari kuna cha kuona.

Jambo jingine ni mahali ulipo duniani. Perseidi vina jina kubwa kwa kuwa hutokea wakati wa kiangazi cha kaskazini, watu wakiwa likizo na usiku una joto. Lakini kitovu chake kiko mbali kaskazini, na kadiri unavyokwenda kusini ya ikweta ndivyo kinavyoshuka. Nimeona matangazo ya Perseidi yakinakiliwa neno kwa neno kwa watazamaji wa kusini kabisa, ambako kitovu hakipandi hata kidogo cha maana. Hao wangefaidi zaidi mapema Mei, alfajiri, kwenye mvua ya vimondo iitwayo Eta Akwaridi. Hilo ni vumbi la nyota mkia ya Halley, ile iliyopita mara ya mwisho mwaka 1986 na inayotarajiwa tena 2061. Kwa kizazi kinachosubiri, hii ndiyo njia ya kukutana na Halley kila mwaka, na nashangaa kwa nini haitangazwi zaidi.

Nikija kwenye giza, hapo ndipo ninapowapima waandaaji kuliko mahali pengine popote. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza barabara, kwa kuwa kemikali iitwayo rodopsini hujijenga taratibu ndani yake. Mwanga mweupe wa simu moja huibomoa mara moja, na kazi inaanza upya. Mikesha mizuri niliyohudhuria ilitenga maegesho ya magari nyuma ya kilima au ukuta, ikawa na taa nyekundu tu za kumulikia njia, na ikatangaza saa ambayo baada yake gari haliingii wala halitoki. Siku hizi kabla ya kujiandikisha huwa nawapigia simu na kuuliza magari yataegeshwa wapi. Anayejibu papo hapo ameshafikiria giza. Anayesema "popote, uwanja ni mkubwa" simwendei. Na upigaji picha kwa mwanga wa kumulika ungepigwa marufuku kabisa, bila msamaha.

Kipengele ambacho sikukitegemea, na ambacho sasa nakitafuta, ni kuhesabu. Shirika la Kimataifa la Vimondo, IMO, lililoanzishwa mwaka 1988, hupokea hesabu za watazamaji wa kujitolea kutoka pande zote za dunia, na hesabu hizo husaidia kujua wingi wa vumbi kwenye njia ya kila nyota mkia. Kwenye mkesha mmoja tuligawanywa vikundi, kila kikundi na mwandishi wake. Ukiona kimondo unarudisha mstari wake nyuma kwa mkono. Ukifika kwenye kitovu, ni cha mvua ya usiku huo. Usipofika, ni kimondo cha kupotea njia, na kinaandikwa kando. Watoto waliimudu kazi hii upesi kuliko watu wazima, na hakuna aliyeuliza tutaondoka saa ngapi. Mwandishi wetu akatueleza kwamba wazo lenyewe la kitovu lilitokana na watu wa kawaida: usiku wa Novemba 12 kuamkia 13 mwaka 1833 Leonidi vilimwagika juu ya Amerika Kaskazini kwa wingi wa kutisha, na mwanasayansi wa Marekani, Denison Olmsted, akakusanya taarifa za walioshuhudia hadi akaonyesha kwamba vyote vilitokea eneo moja, kwenye kundi la Simba. Mwaka 1866 mwanaastronomia wa Italia, Schiaparelli, akaunganisha Perseidi na nyota mkia ya Swift–Tuttle. Kusikia hayo ukiwa na karatasi ya hesabu mkononi ni tofauti sana na kuyasoma.

Jioni za nyota mkia zina tabia nyingine kabisa. Hapa huna usiku mzima. Nyota mkia hung'aa zaidi inapokuwa karibu na jua, kwa hiyo mara nyingi utaipata chini upande wa magharibi baada ya machweo au mashariki kabla ya macheo, na nafasi yenyewe inaweza kuwa ya saa moja au pungufu. Oktoba 2024 nilikwenda kuitazama Tsuchinshan–ATLAS, nyota mkia iliyolipita jua kwa karibu mnamo Septemba 27 mwaka huo. Waandaaji walichagua ukingo wazi usio na mti wala jengo upande wa magharibi, wakatutaka tufike kabla jua halijazama, na wakagawa darubini ndogo za macho mawili badala ya kutegemea ile kubwa peke yake. Huo ulikuwa uamuzi sahihi. Darubini kubwa hukuonyesha kichwa tu, na mkia wote unabaki nje. Kwa ile ndogo ya kukuza mara 10, kichwa na mkia vilikaa pamoja, na kwa macho matupu mkia ulisimama wima juu ya mwanga wa mwisho wa jioni.

Wapo walioondoka wamevunjika moyo hata siku ile, maana walitarajia picha za mtandaoni. Kamera hukusanya mwanga kwa sekunde nyingi. Jicho haliwezi, na litakuonyesha utandu wa kijivu mahali ambapo picha ina rangi ya buluu na kijani. Msaidizi mmoja alipita akiwaambia watu wautazame mkia kwa pembeni ya jicho badala ya kuukazia, kwa kuwa seli zinazohisi mwanga hafifu zimejaa pembeni kuliko katikati. Mzee mmoja karibu yangu aliyekuwa amesema haoni kitu alifanya hivyo, akanyamaza, kisha akaanza kumwonyesha mkewe. Msaidizi wa namna hiyo ana thamani kuliko darubini tatu. Aligusia pia kwamba mkia hauburutwi nyuma kama watu wanavyodhani: ule wa gesi husukumwa na upepo wa jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka kwenye jua, uelekee mbali na jua, hata nyota mkia inapoondoka, ambapo mkia hutangulia.

Tahadhari moja kwa wanaojiandikisha miezi mingi kabla: nyota mkia haina dhamana. Ile iitwayo ISON ilisubiriwa kwa hamu kubwa mwaka 2013, ikasambaratika Novemba 28 ilipolizunguka jua. Mwandaaji mwaminifu huandika wazi kwenye tangazo lake atafanya nini ikififia, na vilevile anga likifunga. Kuna kundi moja lililotuweka chini ya mawingu mazito hadi usiku wa manane bila neno lolote, na sijarudi kwao. Makundi mazuri hutangaza saa ya kuamua, na likiahirishwa unajua kabla hujatoka nyumbani.

Kiingilio sikioni kibaya, mradi ujue unacholipia. Kimondo kinaonwa bure. Unacholipia ni giza, usalama wa kulala uwanjani usiku na mtu anayeijua kazi. Vikikosekana hivyo, tandika mkeka mahali pako penye giza. Popote utakapokwenda, chukua nguo nzito kuliko unavyodhani unahitaji, maana kulala bila kujongea huku umande ukishuka hupenya hadi mifupani hata kwenye nchi za joto.

Kwa mwaka 2026 macho yangu yako kwenye Perseidi. Agosti 12 ni siku ya kupatwa kwa jua kikamilifu huko Greenland, Iceland na Hispania, maana yake mwezi uko upande wa jua na usiku unaofuata hautakuwa na mbalamwezi hata kidogo. Kama uko kaskazini au si mbali na ikweta na waandaaji wa kwenu wanatoa usiku mmoja tu wa kuchagua, chukua ule wa Agosti 12 kuamkia 13, na ukae mpaka alfajiri.