Ziara ya nusu siku Maskati: msiwakabidhi hawa watu mama zenu

Nimengoja hasira zipoe ndipo niandike, lakini kila nikikumbuka yale makofi zinapanda upya. Basi naandika nazo hivyo hivyo. Nawaandikia nyinyi mnaopanga kumpeleka mzazi Maskati kwa mapumziko mafupi, mkafika mapokezi ya hoteli mkaoneshwa karatasi ya ziara ya nusu siku: msikiti mkubwa, jumba la opera, soko la Mutrah, kasri la Sultani, na kabla ya chakula cha mchana mmesharudishwa. Karatasi inavutia kweli. Jina la kampuni siliweki hapa. Yaliyotokea nayasema yote.

Kwanza muelewe kwa nini tulipanda lile gari. Maskati si mji wa kutembea kwa miguu. Umenyooka kando ya bahari, milima mikavu imeubana, msikiti uko upande wake na Mutrah na mji wa kale uko mbali kabisa upande mwingine, na katikati ni barabara kuu ya magari yanayokimbia. Nilikuwa na mama yangu mzazi, mtu wa makamo yaliyopita, magoti hayampi raha. Nikaona bora tulipe tukae kwenye gari lenye baridi, tuelezwe, tupelekwe. Na bei si ya kuchezea: riali moja ya Oman inazidi dola 2.5, kwa hiyo msione namba ndogo kwenye karatasi mkadhani ni rahisi.

Mama ni mtu wa Tanga. Maskati ameisikia maisha yake yote, kwa majirani waliohamia huko miaka ile baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi. Walikuwa wakituma salamu, udi, halua kwenye vibakuli vya plastiki, na baadaye picha. Mama hakuwa na mambo mengi ya kuona. Alisema anataka kuuona msikiti wa Sultan Qaboos kwa macho yake na kusali rakaa mbili humo, mengine yote nichague mimi. Hilo nilimwambia mwongoza watalii mapema, tukiwa bado hatujaondoka hotelini. Nikamwambia taratibu, kwamba mama ana udhu, atahitaji dakika chache kwenye ukumbi wa wanawake. Akaitikia kwa kichwa. Naomba mkumbuke hilo.

Msikiti ule sitausifia sana, picha mmeziona. Ila picha hazisemi ukimya wa pale asubuhi, wala namna marmar inavyong'aa hadi unakunja macho. Wasio Waislamu huingia kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi, na Ijumaa hapana, kwa hiyo ziara zote zinarundikana saa hizo hizo. Sisi tulikwenda Alhamisi. Tulipoingia ukumbi mkuu wa sala, kundi letu lote lilitazama juu, kwenye taa ya fuwele inayoning'inia kutoka kwenye kuba, urefu wake mita 14, na simu zote zikaenda hewani. Mama alitazama chini.

Mama ametulea kwa mikeka. Ukindu, rangi, kusuka ukili hadi usiku wa manane, kisha kushona. Ada zetu za shule zilitoka kwenye vidole vile. Sasa amewekwa mbele ya zulia la mita 70 kwa 60, tani 21, limefunika ukumbi mzima ukuta kwa ukuta. Wageni hawaruhusiwi kulikanyaga, wametandikiwa njia yao na kuzungushiwa kamba. Mama akainama kwenye kamba, magoti yake yale yale, akaliangalia kwa karibu bila kugusa. Sijamuona mama yangu akitazama kitu namna ile. Mwongozaji wetu wakati huo anataja uzito wa taa, kisha akatangaza dakika kumi za picha.

Ukitoka ukumbini kuna mahali ambapo watu wa msikiti huwakaribisha wageni kwa kahawa na tende, bure, na mwenye swali anauliza. Nikamwambia mama aketi apumzike. Dada mmoja wa pale, amevaa baibui jeusi, akageuka aliposikia sauti yangu.

"Karibuni, kaeni kitako," akasema, Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. "Shikamoo bibi. Mmetokea wapi?"

"Marahaba mwanangu. Tanga."

Kumbe amezaliwa Unguja, akapelekwa Oman mdogo. Akamshika mama mkono, akammiminia kahawa, akampa tende mkononi kama wafanyavyo. Mama akauliza lililokuwa moyoni mwake.

"Lile zulia kafuma nani?"

"Wanawake, bibi. Wanawake kama 600, huko Iran. Kazi yote ilichukua miaka minne."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono. Fundo moja moja."

Mama akaangalia vidole vyake. Mafundo ya zulia lile yanahesabiwa kuwa bilioni 1.7, na najua kila mtu anayetembelea hupewa namba hiyo, lakini mama hakuuliza namba. Aliuliza la fundi. "Sasa mwanangu, limeingiaje humu ndani? Maana mlango wa kupitisha kitu kile sijauona. Na kama lililetwa vipande, walishonaje hata mshono hauonekani?"

Yule dada akafurahi hadi akaweka birika chini. Akavuta kiti akae karibu. Amefungua mdomo aanze kueleza, ndipo tukasikia makofi. Pa! Pa! Pa! Mwongozaji wetu, yule kijana, amesimama mlangoni anampigia mama yangu makofi, yalla, yalla, mama, kama anafukuza kuku kwenye mtama.

Nilisimama. Nikamwambia, mama bado anazungumza, na sala yake niliyokuambia hajaisali. Akanijibu, watu wanasikia, kwamba muda umekwisha na sala haiko kwenye ratiba. Msikitini! Mtu anaomba rakaa mbili msikitini anaambiwa haziko kwenye ratiba! Yule dada akamsemesha kwa Kiarabu, kwa upole, nadhani alimwomba dakika chache. Kijana akamwonesha saa ya mkononi. Mama naye, ambaye hajawahi kugombana na mtu ugenini, akasimama, akamaliza kahawa yake kwa wima, akasema "haidhuru mwanangu" na kuanza kutafuta viatu. Kwenye gari kijana akawaambia wenzetu, wageni kutoka Ulaya, kwamba tumechelewa kwa sababu ya hawa wawili. Hawa wawili ndio sisi. Mama alielewa bila kutafsiriwa.

Ningesema labda kweli muda ulibana, ziara ina watu wengine, na wao wamelipa kama sisi. Nilikuwa tayari kabisa kusema hivyo. Lakini jumba la opera, lile lililofunguliwa 2011, tuliliona kwa kupita nje. Kisha gari likasimama kwenye duka la manukato ambalo halikuandikwa popote kwenye karatasi, na hapo tulikaa karibu saa nzima. Saa nzima! Tukapakwa mafuta mikononi, tukanusishwa, tukaoneshwa chupa za bei ya mshahara wa mtu, na kijana wetu ameketi na wenye duka anakunywa chai, haangalii tena saa. Kamisheni sote tunaijua. Ale kamisheni yake. Lakini asiichukue kwenye sala ya mama yangu.

Mji wa kale ndio uliolipia saa hiyo ya manukato. Kasri la Al Alam tulipewa muda wa kupiga picha getini na kurudi. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa 2016, yako mkabala wake pale pale, tukaoneshwa kwa kidole. Ngome mbili za Mirani na Jalali zimekaa juu ya mwamba huku na huku kama unavyoziona, zilijengwa na Wareno, na kijana akasema tu kwamba ni za zamani, hazifunguliwi. Basi? Una abiria wawili wa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, huna la kuwaambia? Waomani waliwatoa Wareno hapo Maskati mwaka 1650, wakaja hadi kwetu, wakaizingira Fort Jesus pale Mombasa kuanzia 1696 na kuichukua 1698. Sayyid Said, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja, akafia baharini mwaka 1856 akiwa safarini kurudi Unguja kutoka huku huku, na miaka 5 baadaye dola ikagawanywa, Oman kivyake na Zanzibar kivyake. Nilimweleza mama haya mimi mwenyewe kwenye kiti cha nyuma, yule dada wa Ulaya aliyekaa mbele yetu akageuka akaanza kuniuliza maswali mimi. Mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji, na nimelipa.

Dereva namtoa kwenye lawama. Mzee mtulivu, anaendesha vizuri, gari safi, maji baridi yapo. Kila tuliposimama alishuka kumfungulia mama mlango na kumwekea kile kigoda cha kukanyagia, bila kuombwa. Tulipotoka msikitini alimuona mama uso wake, akazima redio. Kwa ajili yake nilipofika hotelini nilikusudia kuandika nyota tatu, kisha nikasema mbili. Na nikiwa mkweli, kwa mtu mwenye mapumziko ya saa chache kati ya ndege mbili, asiyetaka kusali wala kuuliza kitu, anataka picha tu na kiyoyozi, ziara hii inamfaa. Utaona majengo. Hutapotea.

Ila ngojeni niwaambie majibu ya ofisi yao. Niliwaandikia kwa WhatsApp mchana ule ule, kwa adabu, sikuomba hela, niliomba mtu ampigie mama simu amtake radhi. Mama tu. Wakajibu kwamba wanasikitika hatukufurahia, na kwamba siku nyingine tuchague ziara ya binafsi, bei yake ni hii. Wakanitumia orodha ya bei! Hapo nyota ya pili ikaondoka, na mzee wa watu anisamehe, maana hainyimwi yeye.

Jioni tulichukua teksi wenyewe hadi Mutrah. Soko hufunga mchana na kufungua tena alasiri, kwa hiyo msiende jua la utosi mkakuta milango imefungwa. Tulitembea kidogo kando ya bahari, majahazi bandarini, mama anashika ukuta, kisha tukaingia sokoni. Nilitaka anunue ubani wa Dhofar. Mzee mmoja mwenye kilemba akatusikia tukibishana bei wenyewe kwa wenyewe na akaingilia kwa Kiswahili, akasema ule wa mbele ni wa watalii, akatoa wa ndani, mweupe unaoelekea kijani, akamchomea mama kipande kwenye chetezo anuse kabla ya kulipa. Akampa kiti. Hakuna aliyetuharakisha. Mama akanunua mwingi kuliko tulivyokusudia, akaanza kucheka tena, na mzee akatuongezea kipimo cha bure kwa ajili ya Tanga.

Kwa hiyo mji wa Maskati wenyewe siulaumu. Nenda. Mpeleke mama, mpeleke bibi, mpeleke shangazi, watasikilizana na watu, watakirimiwa. Mchukulie teksi ya asubuhi, mpatane kabisa na dereva awasubiri pale msikitini, na mkae humo mnavyotaka. Wanawake mfunike nywele, mikono na miguu, mtu wa mlangoni anaangalia. Haizidi sana bei ya hawa watu mkiwa wawili, na mkiwa watatu huenda ikashuka.

Sisi hatukuweza kurudi. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, wale wa kupokea wageni hawapo, na usiku tulikuwa na ndege. Mama tangu turudi amesimulia watu wa Tanga kuhusu zulia mara nyingi, na kila akifika kwenye mshono anasema "hapo sikujibiwa." Hasemi kwa nini. Hajamtaja yule kijana hata kwa mtu mmoja. Mimi namtaja.

Nyota moja, na naiweka kwa sababu bila hiyo maoni hayapokelewi. Wiki hii nimewaandikia tena, na sasa nadai hela, malipo yote ya mama, si nusu. Wakirudisha nitawajulisha, lakini nyota haitaongezeka. Na kama kuna mtu anayesoma hapa ambaye ni fundi wa mazulia, au anayefahamiana na wale dada wa msikitini, naomba anieleze waliliunganishaje, nikamwambie mama.