Sanduku la babu: randa namba 4, msumeno na patasi, na grainda inayoziua

Ukirithi sanduku la zana za babu seremala, mtu wa kwanza kuliulizia huwa mnunuzi wa vyuma chakavu, naye anatazama kilo tu. Kwenye mizani, randa ya chuma ya Stanley au Record namba 4 (namba ni ya ukubwa wake) haina maajabu. Kwenye benchi, ikishatengenezwa, inazishinda randa nyingi mpya za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo.

Tuanze na randa. Naipa alama 4 kati ya 5, kwa sharti kwamba haina ufa. Muundo wake ni wa mvumbuzi Mmarekani, Leonard Bailey. Kampuni ya Stanley ilinunua hataza zake (haki za uvumbuzi) mwaka 1869, na Record wa Sheffield, Uingereza, wakatoa za kwao mwaka 1931. Mwili ni chuma cha kusubu. Ukianguka sakafuni haupindi, unapasuka. Kagua pembe za mdomo (ule upenyo wa chini anapotokea kisu) na zile kuta mbili za pembeni, na safisha kwanza kwa mafuta ya taa maana uchafu huficha ufa. Ukikuta ufa umetoka mdomoni, mpe yule mwenye mizani. Kuuchomelea kunapinda uso wa chini, na randa iliyopinda ni uzito tu.

Kutu isikutishe. Fungua kila kitu, weka kando vipini vya mbao na nati za shaba ya njano (kwenye siki zitatoka na wekundu), kisha loweka vyuma vitupu kwenye siki nyeupe kwa muda wa saa 12, zisizidi 24. Ukipitiliza, siki inaanza kula chuma chenyewe. Sugua utando mweusi kwa stili wuli, suuza kwa maji yenye kijiko kimoja cha magadi kwa lita ili kuua ukali wa siki, anika juani mara moja, halafu paka mafuta ya cherehani kabla hata hakijapoa. Kwa hewa ya Dar, chuma kilichooshwa na kuachwa bila mafuta usiku mmoja huamka na kutu mpya.

Uso wa chini unyooshe juu ya kioo kinene cha mm 6 chenye msasa wa maji, namba 120 kisha 220. Chora mistari ya penseli kuuvuka ili uone panapoguswa. Kisu kiwe ndani kimebanwa kama kawaida, ila kimerudishwa juu, kwa sababu ule mbano wenyewe huvuta chuma kidogo. Si lazima mistari yote ifutike: ncha ya mbele, ukingo wa mdomo na mwisho wa nyuma vikigusa pamoja, inatosha. Wanaosugua siku nzima wakitafuta mng'ao wa kioo wanapunguza chuma bure.

Jihadhari na skrubu. Nyuzi zake ni za mfumo wa zamani, na zile za milimita zinazouzwa mtaa wa Gerezani, Dar, hazilingani nazo. Ukilazimisha M5 au M6 unaharibu tundu milele. Ziweke kwenye kopo, usizipoteze. Kipini kilichovunjika ni jambo dogo. Mafundi wa Keko wanaweza kuchonga kingine kwa mninga.

Sasa kisu, ndipo penye hasara. Fundi wa baiskeli anayepita mitaani akinoa visu vya jikoni anafanya kazi nzuri kwa visu vya jikoni. Kisu cha randa kinataka ukingo mnyoofu na pembe moja, na jiwe lake halina kitu cha kuishikilia pembe hiyo: alama 2. Grainda ya umeme ya kushika mkononi ni mbaya zaidi: 1. Chuma hiki ni cha kaboni. Kikifika nyuzi joto 300 hivi kinageuka bluu, na hapo ugumu umeondoka. Kitanoleka, kitakata dakika tano, kitalala. Dawa yake ni kuondoa sehemu yote ya bluu na kuanza upya. Kama huna budi kutumia mashine, shika kisu kwa vidole vitupu na uchovye majini kabla hakijakuchoma.

Pembe ya kusagia mteremko ni nyuzi 25, ya kunolea ukingo wenyewe 30. Huna kipima pembe? Kisu cha unene wa mm 2, mteremko wake ukiwa na urefu wa karibu mm 5 hiyo ni 25; mm 4 ni 30. Mgongo ulainishe mm 10 za mwisho tu, lakini hapo usiache kishimo hata kimoja cha kutu. Kile chuma kinachokaa juu ya kisu kiwe mm 1 hadi 1.5 kutoka makalini, na nusu milimita kwa mninga wenye nyuzi zilizopishana. Kisu na chuma hicho vikionyesha mwanga katikati yake, maranda yataingia na kuziba. Ukiranda mvule, nolea mara kwa mara: una vijiwe ndani.

Msumeno: alama 5, na hapa kipya hakiufikii. Misumeno mingi ya sasa ina meno yaliyofanywa magumu kwa joto, ncha zake za bluu au nyeusi, na tupa haiyagusi, yakiisha, umetupa. Wa babu unanoleka kwa tupa ya pembe tatu ya inchi 6, jino moja ruka moja, kisha geuza upande. Chungulia tu kwa urefu kama bapa limekunjika. Kunjo halinyooki kirahisi.

Patasi, 4. Zilizofumuka kichwa kwa nyundo ya chuma zinafaa, badili mpini.

Kisu cha randa kikiwa kimeisha, nenda dukani na cha zamani mkononi. Namba 4 ni inchi 2, namba 3 ni inchi 1¾, namba 4½ ni inchi 2⅜. Chuma cha juu bakiza cha babu, na kisu kipya kisizidi mm 2.5: kikiwa kinene, mdomo unabana maranda na uma wa kurekebisha kina cha kisu haufikii tundu lake.