Darubini ya Kutazamia Jua: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mnunuzi wa darubini ya kutazamia Jua huvutwa na upana wa lenzi, ilhali mchana hewa ndiyo inayoamua ukali wa taswira. Ardhi ikishapata joto, mafungu ya hewa moto hupanda na kuchanganyika na hewa baridi, kila fungu likiupinda mwanga kwa namna yake, hata ukingo wa Jua ukaonekana unatokota na madoa yake yakatikisika. Mara nyingi ukungu huo wa taswira hufikia sekunde mbili au tatu za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii), nao hufuta vyote vilivyo vidogo kuliko hapo.

Kwa sababu hiyo, ya kwanza kwangu ni darubini ya lenzi ya milimita 80, iliyofunikwa mbele kwa kichujio cha utando kinachopitisha takriban sehemu moja kati ya 100,000 ya mwanga. Hutenganisha vitu vilivyoachana kwa sekunde 1.5 hivi, kiasi ambacho hewa ya siku nyingi haikifikii. Tena ni nyepesi: utaitoa mapema asubuhi, kabla ardhi haijachemka, na kuisimamisha kwenye nyasi, mbali na saruji na mapaa ya bati.

Ya pili ni ya milimita 120 yenye prizimu ya Herschel (kipande cha kioo kinachotupa kando sehemu kubwa ya mwanga na joto la Jua), ambayo hufungwa kwenye darubini za lenzi peke yake. Inastahili bei yake endapo tu utanunua pia kamera inayonasa makumi ya picha kwa sekunde, kwa kuwa hewa hutulia kwa vipindi vifupi mno, na programu huziokota picha kali chache na kuziunganisha. Hapo chembechembe za uso wa Jua, zenye upana wa kilomita 1,000 hivi, huanza kuonekana.

Ya tatu ni ya milimita 40 ya mwanga wa hidrojeni, yaani yenye kichujio kinachopitisha mwanga mwekundu wa gesi hiyo peke yake. Ni ghali, lakini ndimi za gesi ukingoni ni kubwa kiasi kwamba mtikisiko hauzifichi.

Ya mwisho ni ya kioo cha kuakisi cha milimita 200, kwani mdomo mpana hupokea mafungu mengi ya hewa kwa pamoja na taswira huvurugika. Aliye nayo tayari aufunike mdomo wake kwa kifuniko imara chenye tundu la milimita 80 pembeni, tundu hilo lizibwe kwa utando uleule wa kichujio, na darubini ndogo ya kutafutia ifunikwe kabisa.