Darasa la Kiingereza la jioni, Mwanakwerekwe: sarufi safi, kuzungumza bado

Nafanya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya Mji Mkongwe na nataka nihamie mapokezi. Ndiyo sababu nikajiunga na darasa hili, juu ya duka la vitambaa, baada ya Laasiri. Ada ni 40,000 kwa mwezi.

Kwanza sifa zake. Mwalimu hana ugomvi na Kiswahili. Kuna pahala pengine nilisoma, sipataji, ukiteleza neno moja la Kiswahili unalipa shilingi 500. Basi darasa zima kimya, anazungumza kijana mmoja tu aliyesoma skuli ya binafsi. Hapa sarufi tunaelezwa kwa Kiswahili, na inaingia. Mfano ule wa "I have come yesterday" tunaousema sote: mwalimu alituonesha kwamba sisi husema "nimekuja jana" na "nilikuja jana", zote sawa, lakini Mwingereza akishataja jana "have" haina nafasi. Dakika tano, basi. Kwa Kiingereza kitupu tungekesha.

Tatizo linaanza zamu ya kuzungumza. Tunaigiza: mmoja mgeni, mmoja mapokezi. Dada mmoja alikuwa mgeni anayelalamikia kiyoyozi. Akaanza vizuri, "Excuse me, the AC in my room is… is… inavuja." Kabla hajavuta pumzi mwalimu keshamtupia: "leaking!" Akalirudia, tukapiga makofi, akakaa. Mimi nilitaka aachwe ahangaike. Angesema "water is coming down", angeonesha kwa mkono, lolote! Mgeni wa kweli hana mtu pembeni wa kumtafsiria.

Sisi tuliosoma skuli za Serikali tunaujua mchezo huu. Kidato cha kwanza notsi ubaoni Kiingereza, maelezo Kiswahili, mtihani Kiingereza tena, wa kuandika. Unamaliza kidato cha nne unafahamu unachosoma, lakini mdomo haujafanya kazi hata siku moja. Darasa la jioni ndilo lilikuwa la kuuzoesha huo mdomo.

Nilimwambia, "Mwalimu, tuache kidogo tukwame." Akacheka, akasema saa moja na nusu haitoshi kwa watu wote hawa. Kweli, tumezidi, na feni ni moja. Wiki iliyofuata alijitahidi, akakaa nyuma na mikono mfukoni, na wallahi siku ile watu walisema. Halafu akarudi kule kule.

Anayetaka kukamata sarufi au kujiandaa na mtihani, aje, hatajuta. Anayetaka kazi ya mapokezi aje na mwenzake, wakitoka wakae kibarazani wazungumze peke yao. Mimi na yule dada wa kiyoyozi ndivyo tunavyofanya sasa. Mwezi ujao nalipa tena, ila nitauliza kwanza kama darasa litagawiwa mara mbili.