TAHADHARI: Huyu "fundi wa kuyeyusha bomba" mwenye gari jeupe ni tapeli, msimwite!

Jamani, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, kwa hiyo mnivumilie. Yule bwana anayejitangaza kwamba anayeyusha mabomba ya maji yaliyoganda chini ya ardhi, msimwite. Akiwapigia, msipokee. Kama umeshamtumia advansi, idai sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Mtu mzima mimi nimelizwa mchana kweupe, mbele ya wanangu, tena nikamsindikiza hadi kwenye gari nikimwombea kwa Mungu.

Asubuhi ile maji yalikata nyumba nzima, ya moto na ya baridi, juu na chini. Majirani wa pande zote mbili wanayo. Kwa hiyo bomba kubwa la barabarani zima, lililoganda ni letu, hapo kati ya barabara na nyumba. Na msiniambie baridi ilikuwa imeshalegea, najua. Ndiyo wakati wenyewe. Hewa inaanza kupata joto huku juu, lakini ubaridi ulioingia ardhini unazidi kushuka taratibu, na mabomba mengi yanakamatwa mwishoni mwa msimu, watu wakiwa wameshajisahau. Halafu letu limepita chini ya njia ya gari, pale pale ambapo mume wangu anakwangua theluji kila siku kwa bidii. Theluji ni blanketi la ardhi. Ukiiondoa, baridi inazama moja kwa moja.

Sasa kwa nini nilimwamini, maana naona wengine mmeshaanza kucheka. Kwanza, naishi na mama yangu, na kwa hali yake siwezi kukaa naye ndani bila maji. Mamlaka ya maji waliniambia kipande kutoka koki ya barabarani kuja kwangu ni mali yangu na gharama ni yangu, wakanipa orodha ya mafundi. Kila niliyempigia amebanwa, nisubiri. Ndipo nikapewa namba ya huyu, na aliyenipa ni mtu ninayemheshimu (yeye hana kosa, hakuwahi kumtumia, alisikia tu). Nikapiga. Kiswahili safi! "Pole sana dada yangu, maji si kitu cha kusubiri, nakuja leo leo." Ukiwa ugenini kwenye baridi hii, umechoka kubembeleza watu kwa lugha ya kuazima, ukajibiwa hivyo, utauliza maswali gani? Akaomba hela ya mafuta ya jenereta kabla hajatoka kwake. Nikatuma. Na kweli akaja, tena mapema. Akavua viatu mlangoni. Akampa mama shikamoo kwa kuinama. Mama akasema, huyu mtoto amelelewa.

Akashuka chumba cha chini, akamulika tochi kwenye mita ya maji, akaligonga bomba kwa koleo, likalia ting. "Shaba tupu hii, dada. Hainisumbui." Nikamuuliza utayeyushaje kitu kilichofukiwa huko chini bila kuchimba? Akanipa somo zima. Kwamba anatumia mashine kama ya kuchomelea vyuma, volti ndogo lakini ampea (wingi wa umeme unaopita) nyingi, umeme unapita kwenye bomba lenyewe, bomba linapata joto, barafu inaachia pembeni, maji yakishapata upenyo yanamalizia kazi. Nimesoma baadaye, na kinachoniuma ni kwamba somo lile ni la kweli! Ndivyo inavyofanyika kwa mabomba ya chuma na shaba, miaka mingi. Kwa hiyo msije mkasema ningemtambua kwa maneno. Maneno yake yalikuwa sawa.

Kabla hajaunganisha chochote akaniita. "Njoo uone mwenyewe, usije ukasema nimekuibia." Akashika vibanio viwili vya mashine, akavigusanisha. Paa! Cheche zikaruka, mwanangu mdogo akarudi nyuma. "Huo ndio umeme unaokwenda kwenye bomba lako." Akakibana kimoja kwenye shaba juu ya mita, cha pili akakivuta kupitia dirishani hadi barabarani, akakibana kwenye kifuniko cha chuma cha ile koki. Jenereta likanguruma mpaka madirisha yanatikisika. Akapita nyumba nzima kufunga koki zote, moja moja, "ili presha isipotee". Halafu akakaa kwenye kigoda, anasikiliza bomba kwa sikio kama daktari.

Tukakaa. Tukakaa sana. Saa zinahesabiwa, na malipo yake ni kwa saa. Mimi macho yangu yakaenda kwenye kale kamshale ka ampea pale kwenye mashine. Kamelala chini kabisa, hakajainuka hata kidogo. Nikamwonyesha. Akasema, "Aah, baridi, kameganda." Kameganda! Na mimi nikaitikia!

Mara akaruka. "Imeachia! Nimeisikia!" Akamtuma mwanangu mkubwa apande juu akafungue koki ya bafuni, eti itoe hewa. Yeye akaweka ndoo chini ya koki ya chumba cha chini, akafungua. Maji yakatoka. Naapa yalitoka, ya baridi, kwa nguvu, ndoo ikafika nusu. Mama huko juu anashangilia, mimi machozi yananilenga. Akafunga haraka. "Usiiguse mpaka jioni, dada. Iache ijijenge presha." Nikamlipa saa zake zote, nikamwongezea na ya juu. Akakunja nyaya zake kwa kasi ambayo hata wakati ule niliiona, nikadhani ana mteja mwingine.

Jioni nikafungua koki. Ikakohoa upepo. Kimya.

Nikapiga, inaita haipokelewi. Nikapiga tena, kanifungia. Nikatumia simu ya mwanangu, akapokea, kusikia sauti yangu tu akakata. Yule yule wa "dada yangu".

Fundi wa kweli alipopata nafasi, swali lake la kwanza, bado tuko kwenye simu, lilikuwa: bomba lenu la ardhini ni la nini? Nikamjibu kwa kujiamini, shaba. Akaja, mzee mmoja hana maneno mengi. Hakugusa mita. Alisogeza yale makopo ya rangi pale pembeni, akainama kabisa, akamulika mahali bomba linapoibuka kutoka sakafuni. Jeusi. Akalikwaruza kwa sarafu, hakuna kinachong'aa. Plastiki. Kiganja kimoja juu yake kuna kiungio cha shaba ya njano, na kuanzia hapo kwenda juu ndipo shaba inapoanza, ile iliyolia ting. Plastiki haipitishi umeme. Yaani jenereta lile lingenguruma mpaka kiangazi, kule chini barafu isingejua hata kama kuna mtu kaja. Kamshale hakakuwa kameganda, jamani. Umeme haukuwa na pa kupita.

Na ile ndoo? Mzee alicheka kidogo, mimi nikataka ardhi inimeze. Yalikuwa maji yetu wenyewe, yaliyobaki ndani ya mabomba ya nyumba. Ukifunga koki zote yanakaa tu humo. Ukifungua ya juu hewa ikaingia, ukafungua ya chini kabisa, yanashuka kwa uzito wake. Akaniambia hata bomba la nje lingekatwa vipande, nusu ndoo ile ingetoka vile vile. Sasa niambieni, huyo amekosea kazi au amekuja na mpango? Alimtuma mwanangu juu kwa makusudi. Alimtumia MTOTO WANGU.

Mzee alifungua mita, akapenyeza mpira mwembamba ndani ya bomba, pampu inasukuma maji ya moto kupitia mpira ule, na maji yaliyopoa yanarudi kwenye ndoo yakiwa na vipande vya barafu. Njia hiyo inafaa kwa plastiki na kwa chuma. Unaona mpira unakwama, anangoja, unaingia tena kidogo. Ulipotokeza upande wa pili wa barafu, maji ya barabarani yalikuja yakiusukuma mpira nje. Akarudisha mita, akafunga koki zote na kuangalia kama inazunguka, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9 na bomba la ndani, baada ya mita, linaweza kuwa limepasuka bila wewe kujua. Haikuzunguka. Kisha akaacha koki moja wazi, maji yanatiririka unene wa penseli, usiku na mchana, mpaka ardhi iyeyuke. Maji yanayotembea hayagandi kirahisi. Yule mwizi aliniambia nifunge!

Tena kuna la hatari zaidi ambalo sikulijua. Kwenye lile bomba la shaba umefungwa waya wa eathi ya umeme wa nyumba, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Anayetumia mashine ile kihalali anaufungua kwanza huo kutoka kwenye bomba. Umeme wa ampea nyingi ukikosa njia yake unatafuta nyingine, unaingia kwenye nyaya za nyumba, kwenye mabomba ya chuma yaliyoungana na ya jirani, na nyumba zimeshaungua kwa kazi ya namna hiyo. Yeye aliuacha kama ulivyo. Mama amelala juu.

Kwa hiyo wa kumwangalia, kwa haraka: asiyeuliza bomba ni la nini. Likwaruze mwenyewe kwa sarafu, pale linapotoka ardhini na si penye mita. Shaba inang'aa nyekundu-njano, chuma kinashika sumaku, madini ya risasi ni laini ya kijivu inayong'aa na haishiki sumaku, plastiki mnaijua. Anayetaka hela kabla hajatoka kwake. Anayekuonyesha ndoo badala ya kuacha koki ikitiririka mbele yako kwa muda mrefu. Mengine nitaongeza nikitulia.

Lakini kujihadhari peke yake hakutoshi. Huyu anyang'anywe ile mashine, leo. Apigwe marufuku kugusa bomba la mtu. Mimi ningekuwa hakimu, kila nyumba aliyoiibia angeichotea maji kwa ndoo msimu mzima, akipanda ngazi na shikamoo zake. Na wanaosema "msamehe, ni mwenzetu", tafadhali mkae mbali na mimi wiki hii. Alinipata kwa sababu ni mwenzetu. Anatafuta namba zetu hasa, anajua tutaona aibu na tutanyamaza.

Namba ya gari ninayo, mwanangu aliipiga picha kwa bahati alipokuwa akipiga picha cheche. Ujumbe wake wa kuomba hela ya mafuta ninao. Mzee fundi amekubali kuandika alichokikuta. Aliyelizwa na gari jeupe hilo aniandikie pembeni, aje na risiti au ujumbe wowote alionao. Kesho asubuhi naenda polisi, na nataka tuingie pale tukiwa wengi.