Kazan kwa macho ya mama lishe wa Majengo

Mimi si mtalii. Ni mama lishe, nina kibanda karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma, na huu ni mwaka wa kumi na saba nakaanga sambusa na kuchemsha chai ya maziwa. Kazan, Urusi, nimefika kwa sababu binti yangu anasomea udaktari huko na likizo hii aligoma kurudi. "Mama, nauli ni ileile. Njoo wewe safari hii." Nikapanda treni ya SGR mpaka Dar, ndege mpaka Istanbul, na nyingine mpaka Kazan. Nimekaa siku tisa za mwezi wa sita. Wateja wameniuliza hadi nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi someni.

Saa zao ni saa zetu. Kazan wanafuata saa ya Moscow, nayo haipishani na yetu hata dakika, kwa hiyo saa yangu ya mkononi sikuigusa. Jua ndilo halina adabu. Linachomoza saa tisa usiku! Siku ya kwanza nilishtuka saa tisa na nusu, nje kweupe, swala ya alfajiri imeshanipita.

Sasa mto. Mimi mzaliwa wa Kondoa, na mto ninaoujua ni Bubu: mvua zikikatika unabaki mchanga, ukitaka maji unachimba. Nilipoiona Volga nilimuuliza binti ng'ambo iko wapi. Ni mto mrefu kuliko yote ya Ulaya, zaidi ya kilomita 3,500, lakini upana ule wa pale Kazan umechangiwa na watu. Miaka ya 1950 Wasovieti waliuziba huko chini, bwawa la Kuybyshev likajaa, maji yakapanda. Chini ya ngome unapita mto mwingine, Kazanka, unaoingia Volga palepale mjini. Jioni watu wanatembea kando yake na watoto wao, aiskrimu mkononi, na hakuna anayekufukuza wala kukuuzia kitu. Hapo nilikwenda mara nne.

Ngome yenyewe wanaiita Kremlin. Nilikuwa nadhani Kremlin ni ile ya kwenye taarifa ya habari tu, kumbe miji mingi ya kale ya Urusi ina yake. Hii ya Kazan ina kuta nyeupe, na UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Ndani kuna msikiti wa Kul Sharif wenye kuba la buluu, na hatua chache tu kutoka hapo kanisa kuu la karne ya 16. Kul Sharif alikuwa imamu, akauawa mwaka 1552 akiutetea mji dhidi ya jeshi la mfalme Ivan, yule wanayemwita wa Kutisha. Msikiti huu uliopo ni mpya, ulifunguliwa 2005 mji ulipoadhimisha miaka 1000. Ni mzuri, sikatai, lakini una msongamano wa watu wa kamera. Mimi moyo ulitulia kwenye msikiti wa Märcani, karibu na ziwa Kaban. Ulijengwa kati ya 1766 na 1770 kwa ruhusa ya malkia Catherine wa Pili, na mnara wake umechomoza katikati ya paa utadhani jumba la kifahari limeamua kusilimu. Niliswali pale adhuhuri. Bibi mmoja akanisogezea nafasi, akanigusa mkono, tukakaa.

Na lugha! Kirusi sikuambulia kitu. Lakini mabango mengi yana lugha mbili, Kirusi na Kitatari, lugha ya Watatari wenyeji wa pale, na binti alipoanza kunisomea Kitatari nilimwambia rudia. Kitabu ni kitap. Daftari ni däftär. Dunia ni dönya. Habari, xäbär. Yametoka Kiarabu kama yetu, yakapita njia nyingine. Wanawake wa mgahawani walikuwa wananiita "apa", ndivyo wanavyomwita dada mkubwa au shangazi, nami nikawajibu "räxmät", asante yao. Basi, tukawa ndugu.

Tuje kwenye kazi yangu. Wana kitu kinaitwa echpochmak, maana yake pembe tatu, na kila Mtanzania akikiona atasema sambusa. Siyo. Sambusa nyama inaingia imeshaiva, mafuta yanakausha ganda tu. Hii nyama inaingia mbichi, imekatwakatwa pamoja na viazi na vitunguu, inaokwa, na juu wameacha tundu dogo. Mpishi anamimina supu kwenye lile tundu, nyama inaivia humo kwa mvuke wake. Nilikula tatu, ya nne nikaichambua kwa uma kama mtu anayekagua mtihani. Unga laini, nyama haikukauka. Kasoro: pilipili hakuna, hata ukiomba wanakuletea ile nyeusi ya kunyunyiza. Chai wanakunywa ya maziwa, jamani, ya maziwa! Haina tangawizi, lakini nilimsamehe aliyeipika.

Chak-chak ni kama visheti vilivyokatwa vidogo vikagandishwa kwa asali; kipande kimoja kinatosha, meno yangu si ya jana. Kuna na kystyby, mkate mwembamba unaokunjwa na viazi vya kupondwa ndani. Zamani waliweka uji mzito wa mtama wao mdogo, na nikipata wa hivyo ningeomba na mlenda. Soseji ya farasi nilikataa. Binti akasema ni halali. Nikamwambia halali yake ibaki hukohuko. Ila msidhani kila mgahawa ni halali, Watatari na Warusi mjini ni karibu nusu kwa nusu. Tazameni kibao mlangoni.

Yaliyoniudhi. Kadi za Visa na Mastercard za kwetu hazifanyi kazi Urusi tangu 2022, kwa hiyo beba dola taslimu, na ziwe safi. Duka moja la kubadili fedha lilinirudishia noti mbili kwa sababu ya doa la wino. Nyumba ya wageni niliyolipia chumba cha kutazama mto ilinipa dirisha la kutazama ukuta wa jirani. Nililalamika kwa Kiswahili, wakaniongezea mto wa kulalia.

Kisiwa cha Sviyazhsk tulikwenda kwa boti. Ivan alijenga ngome pale 1551 ajiandae kuivamia Kazan: magogo yalichongwa mbali huko Uglich, yakatiwa alama, yakaelea na Volga, yakaunganishwa kwa muda wa wiki nne hivi. Fundi wangu wa banda alichukua miezi mitatu.

Nauli inauma, lakini kwa mama mwenye mtandio na tumbo la kuchagua, mji huu naupa nyota nne na nusu. Nusu imebaki kwenye pilipili. Januari siendi, binti amenionyesha picha za Volga watu wanatembea juu yake.

Ijumaa hizi nimeanza kujaribu echpochmak kibandani, mkaa juu na mkaa chini. Fundi baiskeli wa jirani amekula mbili, akauliza kwa nini sambusa zangu zimetoboka.